Jinsi imani kwa Mungu inavyobadilisha tabia yako kidogo kidogo, na wewe ufanye nini ili usikwame njiani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Leo nataka tuongee jambo ambalo watu wengi waliookoka wanalipitia kimoyomoyo na hawathubutu kulisema. Mtu amempokea Yesu, siku ile alilia kweli kweli, amebatizwa, ibada hakosi, lakini hasira ni ile ile, uongo mdogo mdogo upo pale pale, wivu ndo usiseme. Anaanza kujiuliza, hivi kweli niliokoka au zilikuwa hisia tu za siku ile? Wengine wanakata tamaa wanarudi nyuma kabisa, wengine wanajifunza kuvaa sura, kanisani mpole kama njiwa halafu akifika nyumbani watoto wanajificha. Mi naona wote wawili wameumizwa na kitu kimoja, hakuna mtu aliyekaa nao chini akawaeleza kwamba kusamehewa ni mara moja ila tabia inabadilika kwa miaka, na kwamba kwenye hiyo miaka kuna kazi ya Mungu na kuna kazi yako.

Paulo aliwaandikia Wafilipi kwamba yeye aliyeanza kazi njema mioyoni mwenu ataimaliza hata siku ya Kristo Yesu (Wafilipi 1:6). Sasa wewe na mimi tunaishi hapo katikati, kazi imeshaanza na haijaisha, kwahiyo usishangae kukuta bado kuna vumbi.

Mwangalie Yohana. Huyu tunamjua kama mtume wa upendo, nyaraka zake kila mahali ni pendaneni, pendaneni. Lakini mwanzoni Yesu mwenyewe alimwita yeye na kaka yake Yakobo Boanerge, yaani wana wa ngurumo (Marko 3:17), na ukisoma Luka 9 utaona ni kwanini mtu angewaita hivyo. Kijiji kimoja cha Wasamaria kilikataa kumpokea Yesu, basi hawa ndugu wawili wakauliza, Bwana wataka tuagize moto ushuke kutoka mbinguni uwaangamize? Kijiji kizima! Na hapo walikuwa tayari wanafunzi, wameacha nyavu, wanatembea na Yesu kila siku, wanakula naye. Yesu akawakemea, wakaendelea na safari, yaani hakuwafukuza. Halafu nenda Matendo 8, Wasamaria wameamini, kanisa linamtuma Petro na nani? Yohana. Anafika Samaria anawaombea wale watu wampokee Roho Mtakatifu, anaweka mikono juu yao, na wakati wa kurudi wakahubiri kwenye vijiji vingi vya Wasamaria. Mtu aliyetaka moto uwashukie sasa anawaombea washukiwe na Roho. Hakuna mstari unaotuambia siku gani ile chuki ya kabila ilimtoka, na mimi naamini ni kwasababu haikutoka kwa siku moja.

Mabadiliko yanatokeaje hasa

Hapa naomba utulie kidogo maana ukikosa kuelewa hapa, hatua zote za huko mbele zitakuwa mzigo tu. Tabia mbaya nyingi zina kitu chini yake kinachozilisha. Mtu anamdanganya bosi wake sio kwamba anapenda uongo, anaogopa kuonekana hajui kazi. Mtu anasengenya kwasababu akimshusha mwenzake anajisikia amepanda. Mchoyo anaogopa kesho. Mwenye hasira mara nyingi ni mtu anayetaka kila kitu kiende anavyotaka yeye, kikienda tofauti anaona kama dunia inamponyoka mikononi. Sasa ukikemea tabia peke yake ukaacha kile kinachoilisha, itarudi tu, ikishindwa kurudi kwa mlango ule itaingia kwa mwingine, ndo maana unakuta mtu ameacha pombe kwa nguvu zake mwenyewe halafu amekuwa mwenye majivuno na mkali kwa kila anayekunywa.

Imani inaenda kule chini. Ukianza kuamini kweli, yaani kuamini hadi kwenye tumbo, kwamba Mungu ni Baba na anajua unahitaji nini, ile hofu ya kesho inaanza kukosa chakula, na uchoyo nao unaanza kukonda. Ukiamini kwamba umeshakubaliwa na Mungu, huna haja tena ya kumshusha mtu ili upate nafasi. Hii haitokei kwa kusikia mahubiri mara moja, inatokea kila unapopata nafasi ya kuogopa halafu ukaamua kumtegemea Mungu badala ya kutumia njia yako ya zamani. Kila ukifanya hivyo na ukaona hukufa, imani inaongezeka kidogo na ile tabia inapungua kidogo.

Kwahiyo swali la kwanza kujiuliza ni hili, hii tabia yangu inalinda nini? Inaogopa nini? Chukua muda, omba, muulize Mungu. Zaburi 139 ina maombi mazuri sana ya hapa, Ee Mungu unichunguze uujue moyo wangu, unijaribu uyajue mawazo yangu. Usiyaombe haraka haraka.

Anza na kitu kimoja

Watu wanakosea sana hapa. Mkesha umeisha, mtu amewaka moto, anatoka na orodha, naacha uongo, naacha hasira, naacha uvivu, naamka saa kumi alfajiri, nafunga mara mbili kwa wiki. Wiki haijaisha kashachoka. Chagua eneo moja, na uliseme kwa jina lake. Usiseme "Bwana nisaidie niwe mtu mwema", sema "Bwana namjibu mke wangu kwa dharau akiniuliza habari za hela, nisaidie hapo". Maombi ya jumla jumla yanakupa amani ya jumla jumla, ukishatoka magotini unaendelea kama kawaida.

Kuna njia ya zamani sana ya kufuatilia hili na naipenda mno. Ignatius wa Loyola, alikuwa mwanajeshi, mwaka 1521 akavunjwa mguu na mzinga kwenye vita vya Pamplona huko Hispania, akageuka kumtafuta Mungu akiwa kitandani anauguza mguu. Baadaye aliwafundisha watu wachague kosa moja tu, asubuhi ukiamka unakusudia kujilinda nalo, mchana unajichunguza, jioni unajichunguza tena, na kila ulipoanguka unaweka nukta kwenye mstari wa siku hiyo. Kila siku na mstari wake. Mwisho unalinganisha siku na siku, wiki na wiki. Hata kama wewe sio Mkatoliki hii itakufaa, daftari dogo na kalamu vinatosha. Faida yake ni kwamba unaacha kujihukumu kwa hisia, maana siku ukiwa na stresi unaona hujabadilika kabisa, siku ukiwa na raha unajiona malaika, lakini nukta hazina hisia.

Na tafadhali usiifanye hiyo karatasi kuwa fimbo ya kujichapa. Ukiona nukta nyingi, mshukuru Mungu kwamba sasa unaziona, zamani ulikuwa unazitenda bila kuziona.

Tafuta Neno la eneo lako na ulikariri

Warumi 12:2 inasema tugeuzwe kwa kufanywa upya nia zetu. Nia inafanywa upya kwa kile unachokirudia rudia, na wewe jua kwamba muda wote kuna kitu unakirudia kichwani, kama sio Neno basi ni lile tusi ulilotukanwa juzi. Kama eneo lako ni ulimi, shika Zaburi 141:3, Ee Bwana uweke mlinzi kinywani pangu, mngojezi mlangoni pa midomo yangu. Ni fupi, unaweza kuiomba ukiwa umesimama mlangoni kabla hujaingia ndani. Kama ni hasira shika Yakobo 1:19. Kama ni wizi au ujanja ujanja wa hela soma Waefeso 4:28, na uone kitu kizuri pale, mwizi haambiwi tu aache kuiba, anaambiwa afanye kazi kwa mikono yake ili apate cha kumgawia mhitaji. Yaani Mungu hataki kuacha shimo, mkono uliokuwa unachukua unafundishwa kutoa. Hiyo itumie kwenye kila eneo, usiishie kuacha, tafuta kinyume chake ukifanye. Ulikuwa unasengenya, basi kila siku msifie mtu mmoja ambaye hayupo pale, na iwe sifa ya kweli.

Ile dakika yenyewe

Sasa tuje kwenye uwanja wa vita. Chukulia meseji imeingia kwenye grupu la familia, ndugu yako kaandika kwamba wewe huchangii chochote wakati mama anaumwa. Damu inapanda, masikio yanawaka moto, vidole vimeshaanza kuandika, unamkumbusha na ya mwaka juzi, unamalizia na neno ambalo unajua litamchoma. Kidole kipo juu ya kitufe cha kutuma. Hapo, ndugu yangu, hapo ndo imani yako inafanyiwa kazi, sio wakati wa pambio. Geuza simu chini mezani. Pumua. Mwambie Mungu ukweli, "Bwana nimeumia na nataka kumuumiza." Mwambie hivyo hivyo bila kupamba. Halafu jiulize ninalinda nini? Labda unaogopa ndugu zako wakuone mbaya. Mungu anajua ulichotoa, inatosha? Kama inatosha, futa ile meseji uandike nyingine fupi, "naomba nikupigie jioni tuongee". Kama bado haijatosha, usiandike chochote mpaka itoshe.

Siku za mwanzo utakumbuka haya yote baada ya kutuma. Ndivyo ilivyo! Utakumbuka kesho yake, au usiku ukiwa kitandani. Baadae utakuwa unakumbuka saa moja baada ya kutuma, halafu dakika moja, halafu siku moja utashtuka umekumbuka kabla. Huo umbali kati ya kosa na kurudi kwa Mungu, ule ndo kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Mithali 24:16 inasema mwenye haki huanguka mara saba akainuka tena, kwahiyo ukitaka kujua kama unakua, angalia unakaa chini muda gani. Zamani ulikuwa unanuna wiki nzima, sasa unanuna mpaka jioni. Huo ni ushindi, mpe Mungu utukufu, na usiruhusu shetani akuambie ni kidogo.

Lakini polepole isiwe kisingizio

Hili nalisema kwa uchungu maana nimeona linavyotumika vibaya. Mtu anampiga mkewe halafu anasema "nivumilieni, Mungu bado ananifanyia kazi". Hapana.

Kuna historia ya mtu mmoja anaitwa John Newton, Mwingereza, alizaliwa 1725, alikuwa baharia kwenye biashara ya watumwa. Machi 1748 meli yake ilipigwa na dhoruba kali Atlantiki, akamlilia Mungu, na yeye mwenyewe aliihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa kugeuka kwake. Matusi aliyaacha, na kwa baharia yule aliyekuwa anajulikana kwa matusi hilo sio dogo. Ila biashara ya watumwa hakuiacha. Kati ya 1750 na 1754 alikuwa nahodha wa meli za watumwa, anasoma Biblia, anaomba, na chini ya sitaha kuna watu wamefungwa minyororo. Hata alipoacha, sababu ilikuwa ni kuugua. Mwaka 1764 akawa mchungaji wa Kianglikana, na ni mwaka 1788 ndipo alipochapisha kijitabu akikiri hadharani aliyoyafanya na kuipinga ile biashara. Miaka 40 baada ya dhoruba. Alitoa pia ushahidi mbele ya wakuu wa Uingereza, na alifariki Desemba 1807, mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku biashara hiyo.

Mimi historia hii inanitia moyo na inanitisha kwa pamoja. Inanitia moyo kwasababu Mungu hakumwacha mpaka alipofika. Inanitisha kwasababu wale waliokuwa kule chini ya sitaha hawakuwa na miaka 40 ya kumsubiri. Na ona ni kosa gani lilichelewa, lilikuwa ni lile ambalo jamii yake nzima ililiona la kawaida, lenye hela ndani yake. Yale ambayo kanisa lake lilikuwa linayakemea aliyaacha mapema. Kwahiyo fanya hivi, jiulize ni jambo gani kwenye maisha yako linamuumiza mtu na hakuna anayekusema kwasababu wote mnalifanya. Labda ni namna unavyomlipa mfanyakazi wako wa ndani. Labda ni namna mnavyowaongelea watu wa kabila fulani mkiwa peke yenu.

Kanuni yangu ni hii: moyo unaweza kuchukua muda, ila mkono unaosimama juu ya mtu mwingine unaondoka leo. Kama unapiga, ondoka kwenye nyumba hiyo kwa sasa na utafute msaada ukiwa nje. Kama umekula hela ya mtu, anza kurudisha hata kama bado unajisikia vibaya kurudisha. Na wewe unayepigwa, hakuna maandiko yanayokutaka ukae hapo uwe uwanja wa mtu kujifunzia upole, nenda mahali salama.

Kuomba msamaha na kurudisha

Zakayo alipokutana na Yesu alisimama akasema nusu ya mali anawapa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne (Luka 19:8). Hakuna aliyemdai pale mezani. Mimi naamini hakuna kitu kinachoua tabia mbaya haraka kama hiki, maana ukishajua kwamba kila ukimsema mtu vibaya utalazimika kumfuata, ukae mbele yake, useme nilisema hivi na hivi, ulimi wenyewe unaanza kuogopa. Namna ya kuomba msamaha iwe hivi, taja ulichofanya, usiweke "lakini", usimwambie "samahani kama ulijisikia vibaya", usimlazimishe akusamehe hapo hapo. Kama kuna cha kurudisha, sema utarudisha lini na urudishe. Matayo 5 inasema acha sadaka yako pale madhabahuni kwanza ukapatane na ndugu yako, kwahiyo kuna wakati hiyo safari ya kwenda kwa ndugu ni ya muhimu kuliko ibada unayoiwahi.

Watu na mapito

Peke yako utajidanganya. Tafuta mtu mmoja, mwaminifu, wa jinsia yako ikiwezekana, mwenye kifua, umwambie eneo unalopambana nalo na umpe ruhusa ya kukuuliza. Yakobo 5:16 imesema tuungamiane. Mmoja anatosha, usiende kuweka mambo yako kwenye grupu la watu mia.

Mapito sitayaongelea sana. Yatakuja tu hata usipoyaita, na Warumi 5 inasema dhiki huleta saburi. Ninachoshauri ni kwamba ukiwa kwenye pito usiongeze kazi mpya, shikilia lile eneo lako moja tu basi.

Jambo lingine ambalo wapendwa wengi wanaona aibu kulisikia, sio kila kitu ni tabia. Kuna mtu hatoki kitandani, tunamwita mvivu wa maombi, kumbe ana sonona na anahitaji daktari. Kuna mtu amekunywa pombe miaka mingi na mwili umeizoea, huyo akikatisha ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, apelekwe hospitali aachishwe chini ya uangalizi huku mkimuombea. Luka mwenyewe alikuwa tabibu na Paulo alimwita mpendwa. Kwenda kwa daktari au mshauri nasaha hakupunguzi imani yako hata chembe.

Utajuaje kama unabadilika

Usiangalie unavyojisikia kwenye sifa. Usijilinganishe na mtu aliyeokoka juzi akaacha kila kitu kwa siku moja, Mungu ana njia zake na kila mtu. Angalia nukta zako kwenye daftari, angalia unakaa chini muda gani ukianguka, halafu baada ya miezi kadhaa wafuate wale wanaoishi na wewe, sio mchungaji, maana mchungaji anakuona umevaa vizuri. Muulize mwenzi wako, mtoto wako mkubwa, mtu mnayefanya naye kazi meza moja. Uliza hivi, "kuna kitu kwangu kimekuwa afadhali tofauti na zamani? Na ni kitu gani bado kinakuumiza?" Hilo swali la pili ni gumu, utatamani kulikwepa, uliza tu. Akikujibu usijitetee, usimweleze kwanini, usimkumbushe na yeye ya kwake. Mwambie asante. Nenda ukaandike alichosema kwa maneno yake mwenyewe, na kama ni kitu kinachomuumiza sasa hivi basi kiache kuanzia siku hiyo, halafu ukifanye ndo eneo lako la kuombea linalofuata.